Hoteli ya Ufukweni ya Bei Kali, Huduma Hafifu: Ulalamike Lini na kwa Nani

Lalamiko la siku ya kuondoka halitengenezi kitu. Begi liko mlangoni, teksi inangoja, mapokezi wanaomba radhi na pengine kukufutia bili ya soda, basi. Chumba kilichokutesa anapewa mwingine saa nane mchana kikiwa vilevile. Kazi yangu ni kukagua huduma katika hoteli za ufukweni Unguja, na naona wageni wengi wanapoteza haki yao kwa kutojua mambo yanavyokwenda nyuma ya kaunta.

Kwanza tofautisha kosa la hoteli na kazi ya bahari. Pwani ya mashariki, kuanzia Matemwe na Kiwengwa hadi Paje na Jambiani, maji yakipwa yanakimbilia kwenye mwamba na kukuachia mchanga na mwani. Siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama au ukiwa mpevu na siku moja mbili baada yake, tofauti ya kujaa na kupwa hufika mita 4 hivi. Bamvua hizo maji hupwa kabisa kwenye saa nne au saa tano asubuhi, saa ileile mgeni anapotaka kuoga. Ukija wakati wa maji mafu, yaani mwezi ukiwa nusu na tofauti ya kujaa na kupwa ikiwa ndogo, asubuhi hiyohiyo bahari ipo karibu. Nungwi na Kendwa, kule kaskazini, shida hii ni ndogo. Kwa hiyo tazama kalenda ya mwezi kabla ya kulipa, na usimgombeze kijana wa mapokezi kwa sababu ya kupwa. Lakini kama tangazo lao liliahidi kuogelea saa zote, hilo ni lalamiko halali, tena zito.

Chumba kuchelewa ni suala la hesabu. Mhudumu wa vyumba anahitaji dakika 20 hadi 30 kwa chumba ambacho mgeni bado yupo, na dakika 45 hadi saa nzima kwa chumba kilichohamwa. Kutoka ni saa nne asubuhi, kuingia ni saa nane mchana. Katika saa hizo nne mtu mmoja anamaliza vyumba vinne, vitano akijikaza. Ndege ya kukodi ikishusha kundi na kubeba jingine siku hiyohiyo, vyumba 30 vinataka wahudumu saba au wanane kwa mpigo. Hoteli nyingi hupunguza watu wakati wa Masika, na msimu ukifunguka Juni wapya bado wanajifunza kutandika. Ukiweza kuchagua, epuka kufika siku ya makundi. Piga simu uulize, watakwambia.

Taulo na mashuka nayo yana kanuni yake: seti tatu kwa kila kitanda, moja inatumika, moja iko kwa dobi, moja stoo. Ukiambiwa "zinakuja" mara ya pili, ujue seti ya stoo haipo. Ugumu wa taulo ni jambo jingine. Maji ya visima vya mawe ya matumbawe yana chokaa nyingi, na sabuni inagoma kutoa povu. Hapo hoteli inahitaji mtambo wa kulainisha maji, na kumfokea dobi hakusaidii.

Maji ya moto ndiyo lalamiko ninalolisikia zaidi, na mara nyingi jibu ni ukubwa wa boila. Boila ya lita 50 yenye hita ya wati 1,500 inachukua saa moja na dakika 20 kupandisha maji kutoka nyuzi 25 hadi 60. Ukichanganya na ya baridi unapata kama lita 115 za kuogea, na bafu la mvua linalotoa lita 10 kwa dakika linazimaliza kwa dakika 11 au 12. Wa pili kuoga anakuta baridi. Kwa familia ya watu wanne hilo ni kosa la aliyefunga boila, kwa hiyo usiombe fundi, omba chumba chenye boila ya lita 80 au zaidi.

Kiyoyozi kina visingizio vingi. Umeme ukikatika na jenereta kuwaka, kompresa husubiri dakika tatu hivi kabla ya kuanza tena, na hiyo ni kawaida. Ila kikiwa kinapuliza hewa ya uvuguvugu baada ya nusu saa, milango ikiwa imefungwa, chumvi imeshakula mapezi ya kifaa cha nje au gesi imepungua. Fundi wa zamu ataosha kichujio na kuondoka, haitoshi. Na chumba cha makuti kisicho na dari hakitapoa vizuri hata kifaa kikiwa kipya, kwa hiyo anayependa baridi achague chenye dari.

Kwenye bafe sina maneno mengi: cha moto kisishuke chini ya nyuzi 60, cha baridi kisizidi 5. Ukiona trei hazitoi mvuke, nenda kwa anayekaanga mayai au kuchoma samaki mbele yako.

Sasa kulalamika. Zamu za mapokezi kwa kawaida hubadilishana saa moja asubuhi, saa tisa alasiri na saa tano usiku. Lalamiko la mdomo kwenye dakika hizo hupotea. Hoteli nyingi kubwa wakuu wa idara hukutana kwenye saa tatu asubuhi, na daftari la zamu husomwa hapo. Basi muulizie meneja wa zamu kabla ya muda huo, mwombe aandike, kisha mtumie ujumbe uleule kwa WhatsApp au barua pepe ya hoteli ukiambatanisha picha. Taja namba ya chumba, tatizo, lilianza saa ngapi, na unachotaka: "Naomba kuhamishwa leo kabla ya saa kumi." Maneno kama "huduma mbovu" hayampi meneja pa kushika.

Ukipewa masaji au chakula cha jioni cha bure, fahamu kwamba vinaigharimu hoteli kidogo kuliko bei ya kwenye menyu. Kama kiyoyozi kilikufa usiku mzima, dai usiku huo upunguzwe kwenye bili. Aliyelipa kupitia wakala au tovuti apeleke dai huko pia siku hiyohiyo, maana hoteli haikupokea pesa zake zote. Kamisheni ya asilimia 15 hadi 25 ni jambo la kawaida.

Ndugu waliopo Ujerumani walionunua safari ya kifurushi, yaani ndege na hoteli kwa bei moja, wana kipimo kizuri. Jedwali la Frankfurt la mwaka 1985, orodha ya punguzo la bei kwa kasoro za safari iliyotoka mahakama ya huko, halimfungi hakimu lakini bado linatajwa. Kukosa mandhari ya bahari uliyoahidiwa kunapunguza asilimia 5 hadi 10 ya bei, na kiyoyozi kutofanya kazi asilimia 10 hadi 20. Sharti ni kuwa umemwarifu mwandalizi ukiwa bado safarini.

Waliolipa kwa kadi ya Visa au Mastercard wanaweza kupinga malipo kupitia benki yao. Dirisha la kawaida ni siku 120, ingawa baadhi ya benki hufunga mapema zaidi. Benki itaomba maelezo ya ulichoahidiwa, picha zenye tarehe, na ule ujumbe kwa meneja wa zamu pamoja na jibu lake.