Glavu si mbadala wa kunawa mikono

Wengi wetu tukimwona muuguzi amevaa glavu kando ya kitanda cha mgonjwa mahututi, roho hutulia: mgonjwa wetu yuko salama. Hapo ndipo tunapokosea. Glavu humkinga zaidi aliyeivaa dhidi ya damu na majimaji ya mwili. Kwa mgonjwa, glavu chafu ni sawa na mkono mchafu tu.

Vitazame vidole hivyo. Vimeshika ukingo wa kitanda, vikabonyeza mashine ya kupumulia, vikamwaga mkojo uliojaa kwenye mfuko wa kuukusanyia, kisha, kwa glavu zilezile, vinafungua kifuniko cha mpira (mrija mwembamba wa kupitishia dawa) ulioingizwa kwenye mshipa mkubwa wa shingoni. Vijidudu vimepewa njia ya kwenda moja kwa moja kwenye damu ya mtu ambaye kinga yake imeshachoka.

Isitoshe, glavu huweza kuwa na vitobo visivyoonekana, na wakati wa kuzivua mikono huchafuka kwa urahisi. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linataka mikono isafishwe kabla ya kumgusa mgonjwa na pia baada ya kuvua glavu: sekunde 20 hadi 30 kwa kitakasa chenye alkoholi, au 40 hadi 60 kwa maji na sabuni.

Mpira huo wa shingoni nao uulizwe kila siku: bado unahitajika? Usiohitajika utolewe leo, si kesho. Na ndugu wa mgonjwa wasiogope kusema kwa upole, "Samahani nesi, umeshasafisha mikono?"