Wilaya ya Uganda inaendeshwa na nani? Tuchukue Kapchorwa

Mkenya akivuka Suam akaingia huku kwetu, haichukui muda atauliza gavana wenu ni nani, na jibu ni kwamba hatuna. Kaunti Uganda zipo ndio, lakini utazisikia zaidi wakati wa kuchagua wabunge, serikali yenyewe ya mashinani iko kwa wilaya, ile tunaita LC5 (LC ni Local Council, yaani baraza la mashinani). Chini yake kuna sabukaunti ambayo ni LC3, halafu parishi ndio LC2, halafu kijiji ndio LC1.

Chukua Kapchorwa. Iko mteremko wa kaskazini wa Mlima Elgon, eneo la Sebei, nyumbani kwa Wasabiny. Huku juu ni baridi, kahawa ya arabika, ndizi, mahindi, viazi, na punda ndio lori ya wengi manake barabara za vijijini mvua ikinyesha gari haipiti. Maporomoko ya Sipi yako hapa, yale marefu yanakaribia mita 100. Wakimbiaji pia, Stephen Kiprotich aliyechukua dhahabu ya marathoni London 2012 na Joshua Cheptegei wote ni wa huku. Zamani Sebei yote ilikuwa wilaya moja, ilitolewa wilaya jirani ya Bugisu mwaka 1962, baadaye ikamegwa, Bukwo ikaenda zake, Kween nayo ikafuata 2010. Nchi nzima imekuwa hivyo, 1986 wilaya zilikuwa 33, leo zimepita 130. Wanasema ni kusogeza huduma karibu na mwananchi, sawa, lakini kila wilaya mpya inakuja na kiti cha mbunge mwanamke na ofisi za watu, tusidanganyane.

Sasa kwa makao makuu ya wilaya utakuta wakubwa watatu na watu wanawachanganya kila siku. Mwenyekiti wa LC5 ndiye mnampigia kura kila miaka 5, yeye na madiwani wake wanapitisha bajeti na sheria ndogo ndogo. RDC, yaani Resident District Commissioner, hapigiwi kura, anawekwa na Rais, yeye ni macho ya Kampala, anafuatilia miradi ya serikali na anaongoza kamati ya usalama. Halafu kuna CAO, yaani Chief Administrative Officer, huyu ni mtumishi wa serikali, ndiye anaangalia pesa na wafanyakazi wote, bila sahihi yake hakuna kitu kinatoka. Zamani wilaya yenyewe ndiyo ilikuwa inamwajiri CAO, katiba ikarekebishwa 2005 na tangu hapo anatumwa kutoka juu, akizoea sana anahamishwa. Mwaka huo huo pia kodi ya kichwa ikasimamishwa, watu walifurahi sana kwa sababu ya vile askari walikuwa wanawakimbiza porini, lakini wilaya ikabaki bila mfuko wake, sasa karibu pesa yote inashuka kutoka Kampala ikiwa tayari imeandikwa kazi yake. Kwa hiyo ukimlaumu mwenyekiti juu ya barabara mbovu, mara nyingi unamlaumu mtu ambaye hana kitu mkononi.

Korti ni kitu kingine kabisa. Iko mjini hapo hapo lakini siyo ya wilaya, mwenyekiti hawezi kumwamuru hakimu wala RDC hawezi, ingawa utaona watu wanaenda kwa RDC na kesi ya shamba wakidhani atapindua hukumu. Chifu majistreti, yaani hakimu mkuu wa hapo, anasikiliza madai ya mpaka shilingi milioni 50, hakimu wa gredi wani mpaka milioni 20. Kesi ya mauaji lazima iende Korti Kuu. Ugomvi mdogo wa deni au mbuzi kuingia shamba unaanzia korti ya LC1 kijijini, usiporidhika unapanda LC2, LC3, mpaka kwa chifu majistreti.

Na mwenyekiti wa LC1 usimdharau. Ndugu yako akishikwa na unataka kumtoa kwa dhamana, hakimu atataka wadhamini waje na kitambulisho cha taifa pamoja na barua ya LC1 yenye muhuri kuonyesha wanakaa wapi. Bila hiyo karatasi ndugu anarudi rumande hata kama mmejaza matatu nzima kuja kumtetea. Itafute jana yake, mzee saa zingine anashinda shambani mpaka jioni na muhuri anatembea nao mfukoni.