Jemu ya nyumbani katika kifungua kinywa cha kuokwa

Kifungua kinywa cha kuokwa ni chakula cha asubuhi kinachoingia kwenye oveni kikiwa majimaji na kutoka kimeshikana kiasi cha kukatwa vipande, halafu kikaliwa kingali cha moto. Msingi wake mara nyingi ni oti, au mkate uliolala uliolowekwa kwenye maziwa na mayai. Jemu ikiingia humo haiwi tena kitu cha kupaka juu ya chakula kilichokwisha iva. Inakuwa kiungo kinachopikwa pamoja na vingine. Wengi hukosea hapo hapo mwanzo: huihesabu jemu kuwa ladha tu, kumbe kila kijiko kinabeba sukari, maji, uchachu na pektini (kitu kilicho ndani ya tunda kinachoifanya jemu igande), na vyote vinne vinafanya kazi ndani ya joto.

Tuanze na sukari. Jemu iliyopikwa kwa matunda na sukari vya uzito sawa, ikishaganda, huwa na sukari ya takriban asilimia 60 hadi 65. Kijiko cha mezani kimoja ni kama gramu 20 za jemu, yaani gramu 12 au 13 za sukari. Vijiko 6 vinakupa gramu 75 hivi, na hizo zinatosha trei nzima ya watu sita. Kwa hiyo ukitumia jemu, sukari nyingine iondoe kabisa. Ukiziacha zote mbili, chakula kinakuwa kitamu kupita kiasi, kinabadilika rangi haraka kwa nje, na katikati kinabaki laini, kwa sababu sukari nyingi huchelewesha mayai kushikana.

Kwa bakuli la kuokea la sentimita 20 kwa 20, vipimo vinavyofanya kazi ni hivi: oti bapa gramu 200, maziwa mililita 480, mayai 2, siagi iliyoyeyushwa gramu 30, beking pauda kijiko kimoja cha chai, chumvi nusu kijiko cha chai, na jemu vijiko 6 vya mezani. Oti zile laini sana za kupikwa dakika moja hazifai hapa. Hunyonya maziwa yote mapema na kugeuka uji mzito usio na umbo. Chumvi usiiache, maana bila chumvi utamu wa jemu hukaa mdomoni peke yake na ladha ya tunda haitokezi.

Changanya vitu vikavu, changanya vya majimaji kando, unganisha, kisha acha bakuli litulie dakika 10 kabla ya kuweka jemu. Mapumziko haya yana sababu. Jemu ni nzito kuliko maziwa, na ukiidondosha kwenye mchanganyiko mwepesi inazama moja kwa moja hadi chini, inagusa chombo na kuungua. Oti zikishaanza kunyonya, mchanganyiko unakuwa na nguvu ya kuishikilia jemu pale ulipoiweka.

Sasa joto, ambalo ndilo lenye mambo. Jemu sufuriani huganda ikifika nyuzi 104 au 105 za Selsiasi, kwa mtu anayepika kwenye usawa wa bahari. Katikati ya bakuli la oti hakufiki hapo. Maadamu kuna maji, joto la ndani halivuki 100, na chakula chenyewe kimeiva likiwa nyuzi 80 hadi 85, mayai yakishashikana. Ndiyo maana jemu iliyozungukwa na oti inalegea tu, haichemki, na ikipoa inarudi kuwa nzito kiasi. Ukingoni na juu mambo ni mengine. Huko jemu inakutana na chombo chenye moto na hewa kavu ya oveni, inachemka upya, inapoteza maji yaliyobaki, kisha sukari yake inageuka kahawia na mwishowe inaungua. Jambo hilo huja mapema kuliko mtu anavyotarajia. Wakati wa kupika jemu, uchachu wa tunda huwa umekwisha kuivunja sehemu ya sukari kuwa sukari mbili rahisi zaidi, glukosi na fruktosi, na fruktosi hubadilika rangi kwenye joto dogo kuliko sukari ya kawaida.

Basi weka jemu mbali na ukingo, angalau sentimita 2 kila upande. Mimina theluthi mbili za mchanganyiko, dondosha vijiko 4 vya jemu vikiwa vimeachana, funika na theluthi iliyobaki. Oka kwa nyuzi 180 kwa dakika 20 hadi 25, toa, weka vijiko 2 vya mwisho juu, rudisha dakika 15 nyingine. Zile dakika 15 zinatosha kuipa jemu ya juu mng'ao na unato bila kuleta uchungu. Chombo cha chuma cheusi kinachoma haraka kuliko cha kioo au udongo, kwa hiyo punguza hadi nyuzi 170 ukikitumia. Utajua chakula kimeiva ukitikisa bakuli kidogo na katikati kukatetemeka pamoja bila kutiririka. Kuchomeka kijiti hakusaidii sana, maana kikiangukia kwenye jemu kitatoka kimelowa hata kama oti zimeiva.

Watu hupenda kuikoroga jemu yote ndani ya maziwa. Inawezekana, lakini matokeo ni tofauti: rangi moja, utamu uliosambaa, hakuna mahali pa tunda. Tena uchachu wa jemu unaweza kuyakata maziwa yakiwa moto, hivyo yatumie yakiwa baridi. Usibadilishe beking pauda kwa magadi mengi ukiwa na jemu ya matunda ya zambarau au ya bluu, kwa kuwa rangi ya matunda hayo hugeuka kijivu au kijani mchanganyiko ukielemea upande wa magadi. Hakidhuru, ila hakitamanishi.

Aina ya jemu nayo inabadilisha mpango. Jeli, ile ya maji ya tunda yaliyochujwa, haina nyama ya tunda ya kuishikilia, hivyo hutiririka kuliko zote na inafaa zaidi kuwekwa juu mwishoni. Mamaledi ina maganda, na maganda yaliyobaki wazi juu hukauka na kuwa machungu. Yazamishe ndani. Rojo zito la tunda, lililopikwa polepole hadi likasimama kwenye kijiko, ndilo linalotulia vizuri kuliko yote, na kama unapika jemu ukijua itaishia kwenye oveni, lipike hilo. Jemu ya nanasi au papai, matunda ambayo yakiwa hayajapikwa huharibu maziwa na kuyafanya machungu, haina tatizo hilo. Vimeng'enya, yaani protini za tunda zinazofanya uharibifu huo, vimekwisha kuharibiwa na joto sufuriani.

Jemu iliyokataa kuganda si hasara. Ihesabu kuwa sehemu ya majimaji: kwa kila vijiko 2 unavyoweka, punguza maziwa kijiko kimoja. Usipopunguza, utapata tabaka lenye maji chini ya bakuli na oti zilizolegea juu yake. Iliyoganda kupita kiasi ilegeze kwa kijiko kimoja cha chai cha maji moto au ndimu kwa kila vijiko 3, la sivyo itabaki madonge magumu. Iliyofanya chembechembe za sukari ipashe kidogo ziyeyuke kabla ya kuitumia. Na jemu yenye sukari ndogo, tuseme nusu kilo ya sukari kwa kilo ya matunda, ina maji mengi zaidi na utamu mdogo. Iongeze hadi vijiko 8, na maziwa yapunguze kidogo.

Kuhusu usalama, hapa hakuna mjadala. Chupa yenye kuvu juu, hata doa dogo, itupwe yote. Sumu zinazoachwa na baadhi ya kuvu hazimalizwi na joto la oveni, na huenda zimeshapenya chini ya pale unapopaona. Jemu inayotoa povu, yenye harufu ya pombe, au iliyoinua kifuniko imechacha, na kuioka hakuirudishi. Ikiwa jemu ilitiwa asali, usimpe mtoto wa chini ya mwaka mmoja chakula hicho hata kikiwa kimeokwa, kwa sababu mbegu za bakteria wa botulini zinazoweza kuwa ndani ya asali hustahimili joto hilo.

Likitoka, bakuli likae dakika 10. Oti ukizigusa utadhani zimeshapoa vya kutosha, lakini jemu hushika joto kwa muda mrefu na kunata, kwa hiyo inaunguza ulimi vibaya, wa watoto hasa. Muda huo pia ndio unaoipa jemu nafasi ya kuwa nzito tena, ndiyo sababu bakuli lililokatwa mara tu linapotoka hutiririsha kila kitu.

Kinachobaki kinakaa kwenye friji siku 3 au 4, kikiwa kimefunikwa. Siku ya pili utaona oti zinazoizunguka jemu zimelowa na kubadilika rangi, kwani sukari huvuta maji kutoka jirani yake. Kipashe kwenye oveni kwa nyuzi 160 mpaka kipate moto hadi katikati, na juu ufunike kwa karatasi ya alumini ili jemu iliyo wazi isiungue mara ya pili.