Maambukizi ya bakteria kwa wajawazito na vichanga: tunayoyaamini na yaliyo kweli

Mwaka 2022, watoto wapatao milioni 2.3 duniani walifariki kabla ya kutimiza mwezi mmoja. Wengine karibu milioni 2 kila mwaka huzaliwa wakiwa wamekwisha kufa. Bakteria wana mkono katika sehemu kubwa ya misiba hiyo, ingawa si mara zote wanatajwa. Mtoto aliyezaliwa kabla ya miezi kutimia huandikwa kuwa amekufa kwa sababu ya unjiti, ilhali kilichoanzisha uchungu mapema huenda kilikuwa maambukizi ndani ya mfuko wa uzazi.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba silaha nyingi za kupambana na bakteria hawa ni za siku nyingi na si za gharama kubwa: kipimo cha damu, kipimo cha mkojo, penisilini, maji na sabuni. Mara nyingi huchelewa kutumika kwa sababu ya mambo tunayoyaamini, na hasa imani kwamba ugonjwa lazima ujitangaze kwanza.

"Ningekuwa na maambukizi ningejisikia vibaya"

Hapa ndipo wengi wanapoponzeka. Chukua kaswende. Mjamzito anaweza kukaa nayo kwa miaka bila kidonda wala maumivu, na bado ikavuka kondo la nyuma ikamfikia mtoto. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, mwaka 2022 kulikuwa na watoto wapatao 700,000 walioambukizwa kaswende na mama zao wakiwa tumboni. Mimba zipatazo 150,000 ziliishia kwa mtoto kufia tumboni, na vichanga kama 70,000 walikufa baada ya kuzaliwa.

Mama wa namna hii haletwi kliniki na maumivu, hugundulika kwa kipimo. Kipimo chenyewe ni tone la damu kutoka kwenye kidole, na majibu hupatikana hapohapo. Tiba ni sindano ya benzathine penisilini: moja tu kwa kaswende ya hatua za mwanzo, tatu kwa wiki tatu mfululizo ikiwa ni ya muda mrefu au haijulikani ilianza lini. Ili mtoto alindwe ipasavyo, mama anatakiwa awe ameanza tiba angalau siku 30 kabla ya kujifungua. Ndiyo maana wakunga husisitiza kuanza kliniki mapema. Anayekuja kwa mara ya kwanza mimba ikiwa ya miezi tisa anaweza kutibiwa yeye, lakini muda wa kumkinga mtoto ukawa umepita.

Mkojo nao una siri yake. Katika kila wajawazito 100, kati ya 2 na 10 huwa na bakteria kwenye mkojo bila kuungua wakati wa haja wala kwenda chooni kupita kawaida. Mimba hulegeza mirija inayoshusha mkojo kutoka kwenye figo, mkojo unatuama, bakteria wanapata njia ya kupanda. Wasipotibiwa, hadi 30 kati ya 100 wenye hali hiyo wanaweza kupata maambukizi ya figo: homa kali, kutetemeka, maumivu ya ubavuni, na hatari ya kujifungua kabla ya wakati. Kile kikopo cha mkojo ambacho wengi hukiona usumbufu wa kliniki kina kazi kubwa.

Kisha kuna streptokoka wa kundi B, bakteria ambao watu wengi hawajawahi kuwasikia. Makadirio yaliyotolewa mwaka 2021 na Shirika la Afya Duniani pamoja na London School of Hygiene & Tropical Medicine yanaonyesha kwamba kila mwaka karibu wajawazito milioni 20 wanao mwilini. Wengi wao hawana dalili yoyote. Hata hivyo vichanga karibu 400,000 huugua kwa ajili yao, vifo hukaribia 150,000 ukijumlisha waliofia tumboni, na zaidi ya watoto nusu milioni huzaliwa kabla ya wakati katika mimba zinazohusishwa na bakteria hao. Miongoni mwa wanaopona, wapo wanaobaki na ulemavu wa kudumu baada ya homa ya uti wa mgongo.

"Hao streptokoka huwapata wasiojisafisha, au wameletwa na mwenzi"

Hapana. Makao yao ni utumbo, na kutoka huko huhamia ukeni. Hawahesabiwi kuwa ugonjwa wa zinaa, na kujisafisha kwa sabuni au dawa za kusukutua uke hakuwaondoi. Nalisema kwa mkazo kwa sababu aibu ndiyo inayowafunga wanawake midomo wanapopaswa kuuliza.

Bakteria hawa huja na kuondoka. Kuwatibu mwezi wa tano wa mimba hakusaidii sana, kwa kuwa huweza kuwa wamerudi siku ya kujifungua. Kinga inayofanya kazi ni antibiotiki ya mshipa wakati wa uchungu, ikiwezekana saa nne au zaidi kabla mtoto hajatoka. Nchi hazifanani katika kuamua nani apewe. Marekani huwapima wajawazito wote karibu na wiki ya 36, wakati Uingereza huangalia zaidi vigezo vya hatari, kama mama kuwahi kuzaa mtoto aliyeugua. Na hata dawa hiyo ikitolewa vizuri, hukinga ugonjwa wa siku sita za kwanza tu. Ule unaojitokeza baadaye, hadi mtoto anapokaribia miezi mitatu, hauzuiliwi nayo, na chanjo ya kumpa mama ili amkinge mtoto bado iko kwenye majaribio. Kwa hiyo aliyepewa dawa leba asije akaondoa macho kwa mtoto.

"Mjamzito asiguse antibiotiki"

Woga huu una chembe ya ukweli, na ndiyo maana ni mgumu kuung'oa. Zipo dawa ambazo mjamzito huepushwa nazo, mfano tetrasaiklini, ambayo huweza kuharibu rangi ya meno ya mtoto. Lakini penisilini, amoksisilini na jamii ya sefalosporini zimetumiwa na wajawazito kwa miongo mingi, na usalama wake unajulikana vizuri. Kwa kaswende ndani ya mimba, penisilini ndiyo pekee iliyothibitika kumtibu mama na mtoto aliye tumboni. Anayeiacha kwa kumwogopea mtoto anamwacha mtoto huyohuyo na ugonjwa.

Kosa la upande wa pili ni kununua vidonge bila kupimwa, ukameza viwili vitatu na kuhifadhi vilivyobaki. Hilo nitalirudia kidogo mbele, maana gharama yake wanailipa vichanga.

"Akishajifungua salama, hatari imepita"

Maambukizi husababisha takriban kifo 1 kati ya kila vifo 10 vya uzazi duniani, na mengi huanza baada ya mtoto kutoka. Mfuko wa uzazi baada ya kondo kubanduka ni kidonda kikubwa kilicho wazi. Kama chupa ilipasuka mapema na mama akakaa zaidi ya saa 18 bila kujifungua, kama alipimwa njia mara nyingi, kama kipande cha kondo kilibaki, au kama alifanyiwa upasuaji, bakteria wana mlango. Homa, maumivu ya tumbo la chini yanayozidi badala ya kupungua, uchafu unaonuka, moyo kwenda mbio, kuchanganyikiwa: hata moja tu kati ya haya ni sababu ya kurudi kituoni siku hiyohiyo, hata usiku.

Jambo hili lina historia chungu. Mwaka 1847, katika hospitali kuu ya Vienna, daktari Ignaz Semmelweis aliona kwamba akina mama waliohudumiwa na madaktari walikufa zaidi kwa homa ya uzazi kuliko waliohudumiwa na wakunga. Madaktari walikuwa wakitoka kupasua maiti na kwenda moja kwa moja wodi ya wazazi. Aliwaamuru waoshe mikono kwa maji ya klorini, na vifo, vilivyokuwa vimefikia kama 18 kwa kila wazazi 100 mwezi Aprili, vikashuka hadi karibu 2 ndani ya miezi michache. Wenzake wengi walimpinga. Mpaka leo vipo vyumba vya kujifungulia duniani visivyo na maji ya bomba, na hapo kumlaumu mkunga peke yake ni kumwonea.

Maarifa mapya nayo yapo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2023, uliohusisha zaidi ya wanawake 29,000 katika nchi saba, ulionyesha kwamba dozi moja ya gramu 2 za antibiotiki ya azithromaisini kwa mama aliye kwenye uchungu ilipunguza kwa theluthi moja hatari ya mama kupata maambukizi makali ya mwili mzima au kufa. Kwa watoto haikuleta tofauti. Kumkinga mama, kumbe, hakumaanishi mtoto naye amekingwa.

"Mtoto akiugua atachemka na kulia sana"

Kama kuna dhana moja ambayo ningependa kila mlezi aiache leo, ni hii. Mwili wa kichanga haujakomaa kupigana na maambukizi kwa namna tuliyoizoea kwa watu wazima. Anaweza kuwa na bakteria kwenye damu na ngozi yake ikawa baridi, hasa njiti. Anaweza asilie kabisa. "Mtoto wetu mtulivu sana" ni maneno yanayopaswa kumshtua mhudumu yeyote, hasa yakitoka kwa mama ambaye jana mtoto wake alinyonya vizuri.

Tazama mambo haya: mtoto aliyekuwa ananyonya ameacha au ananyonya kwa unyonge, hajitikisi mpaka aguswe, au hata akiguswa hajitikisi, anapumua mara 60 au zaidi kwa dakika akiwa ametulia, kifua kinabonyea kwa ndani anapovuta pumzi, joto la kwapani ni nyuzi 37.5 au zaidi, au limeshuka chini ya 35.5, ana degedege. Dalili moja inatosha, hakuna haja ya kungoja ya pili. Kwa kichanga maambukizi yanaweza kugeuka kutoka kutonyonya asubuhi hadi kifo kabla ya usiku kuingia.

Tiba ya kawaida ni sindano za antibiotiki hospitalini, gentamaisini pamoja na ampisilini au penisilini. Tangu mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani limeruhusu, pale ambapo familia haiwezi kabisa kufika hospitali, mtoto asiye mahututi atibiwe kituo cha karibu kwa sindano za gentamaisini na amoksisilini ya kunywa. Huo ni uamuzi wa mhudumu aliyempima, si wa muuza dawa.

"Kitovu kinahitaji kitu cha kukikausha"

Kinakauka chenyewe. Majivu, udongo, kinyesi cha mifugo, mafuta: vyote vinaweza kupeleka bakteria kwenye mshipa uliokuwa wazi muda mfupi uliopita, wakiwemo wa pepopunda. Mwaka 1988 pepopunda iliua vichanga wapatao 787,000. Ilipofika 2018 walikuwa kama 25,000, kwa sababu ya chanjo kwa mama na wembe safi. Panapokuwa na mazoea ya kupaka vitu hivyo, klorheksidini ya asilimia 7.1, dawa ya kuua vijidudu, hushauriwa badala yake.

"Hospitalini hakuna maambukizi"

Yapo, na huko bakteria huwa sugu zaidi. Katika wodi za vichanga za nchi nyingi, bakteria aitwaye Klebsiella pneumoniae ndiye anayeongoza, na mara nyingi hasikii tena dawa za kawaida. Vile vidonge vinavyomezwa ovyo nje vina mchango wake, sawa na mikono isiyooshwa na mirija isiyotakaswa ndani. Hii si sababu ya kumficha mtoto mgonjwa nyumbani. Ni sababu ya mama kukaa karibu na mwanawe: njiti akiwekwa ngozi kwa ngozi kifuani mwa mama mara baada ya kuzaliwa, na kupewa maziwa ya mama yakiwemo yale ya kwanza ya manjano, hupata maambukizi mara chache zaidi. Utafiti wa mwaka 2021 katika nchi tano ulikuta vifo vimepungua kwa robo.

"Haya ni matatizo ya nchi maskini"

Mzigo mkubwa zaidi uko Afrika kusini mwa Sahara na Asia ya Kusini, hilo halina ubishi. Lakini Marekani, yenye maabara na dawa zote, iliandikisha watoto 335 wenye kaswende ya kuzaliwa nayo mwaka 2012. Mwaka 2022 walikuwa zaidi ya 3,700. Mamlaka za afya za huko zilikadiria kwamba karibu 9 kati ya 10 wangekingwa kama mama zao wangepimwa na kutibiwa kwa wakati.