Mafuta ya Kupikia Katika Injini ya Dizeli: Dhana Potofu na Ukweli

Kila tarehe 14 ya mwezi, bei mpya za mafuta zinapotangazwa, mazungumzo yale yale hurudi katika gereji za Grogan na Viwandani hapa Nairobi: kwamba mwenye gari la dizeli anaweza kuachana na kituo cha mafuta, akakusanya mafuta yaliyotumika kwenye vibanda vya chipsi, akayamimina kwenye tangi na kuondoka. Mazungumzo hayo yana chembe ya kweli, na chembe hiyo ndiyo inayoponza watu, kwa sababu injini ya dizeli huwaka kwa mafuta ya mimea na huweza kwenda hivyo kwa majuma kadhaa bila kulalamika. Kosa ni kudhani kwamba kuwaka kwake ni ushahidi wa kutosha.

“Injini hii iliundwa tangu mwanzo kwa mafuta ya karanga”

Wanaosema hivi humtaja Rudolf Diesel, mhandisi Mjerumani aliyeipa injini jina lake. Ni kweli kwamba katika Maonyesho ya Dunia ya Paris ya mwaka 1900 injini ndogo ya dizeli iliendeshwa kwa mafuta ya karanga. Hata hivyo, iliyofanya jaribio hilo ilikuwa kampuni ya Otto, kwa ombi la serikali ya Ufaransa, ambayo ilitaka kujua kama karanga zilizolimwa katika makoloni yake ya Afrika zingeweza kuendesha mitambo huko huko. Diesel mwenyewe alisimulia habari hiyo mwaka 1912, akaeleza kwamba injini ile ilikuwa imeundwa kwa mafuta ya madini, kisha ikatumia mafuta ya karanga bila kubadilishwa chochote, na kwamba ni watu wachache tu walioitambua tofauti. Jaribio la maonyesho huthibitisha kwamba jambo linawezekana. Halituambii hali ya injini baada ya miezi sita ya kupanda na kushuka Barabara ya Ngong.

“Gari limewaka na linakwenda vizuri, basi limeyakubali mafuta”

Dhana hii ndiyo mama wa nyingine zote, na inastahili kuelezwa kwa kirefu.

Tofauti kubwa kati ya dizeli na mafuta ya kupikia ni uzito wa kumiminika, ambao wataalamu huuita mnato. Katika nyuzi 40 za Selsiasi, mnato wa dizeli huwa kati ya milimita mraba 2 na 4.5 hivi kwa sekunde, ilhali wa mafuta ya mawese au ya alizeti huwa kati ya 30 na 40, yaani takriban mara kumi. Injekta kazi yake ni kuirusha dizeli kama ukungu mwembamba unaowaka mara moja ndani ya hewa iliyogandamizwa na kuwa ya moto mno. Mafuta mazito hayageuki ukungu wa namna hiyo. Hutoka katika matone makubwa, na baadhi yake hufika kwenye kuta za silinda kabla ya kuungua. Masalia yake huokwa kwenye ncha ya injekta yakawa masizi magumu, na ncha ikishaharibika, mrusho unaofuata huwa mbaya zaidi kuliko uliotangulia. Ringi za pistoni nazo hunata katika vijia vyake.

Baya zaidi hutokea mahali ambapo dereva haangalii. Dizeli ambayo haikuungua ikipenya chini hadi kwenye oili ya injini, sehemu yake huvukizwa na joto. Mafuta ya mimea hayavukizwi kwa urahisi huo, kwa hiyo hubaki katika sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini, yakiongezeka siku kwa siku, na kwa joto, hewa na chembe za chuma huanza kushikana hadi oili inakuwa nzito kama uji uliolala. Niliwahi kusimama karibu na pikapu ya zamani iliyokuwa imefunguliwa katika gereji moja ya Viwandani baada ya kutumia mafuta ya chipsi kwa miezi michache. Fundi alifungua nati ya sampu na hakikutoka kitu. Ilibidi aikokote oili kwa kijiti. Mwenye gari alirudia mara kadhaa, na kwa unyofu kabisa, kwamba gari halikuwahi kumsumbua. Ninamwamini. Injini haitoi taarifa mpaka oili inaposhindwa kufika kwenye beringi.

Mambo haya hayakugunduliwa jana. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 watafiti wa Afrika Kusini walijaribu mafuta ya alizeti katika matrekta, wakaona injini zikifanya kazi vizuri kwa muda kisha injekta zikiziba kwa masizi. Suluhisho walilolipata, ambalo nitalieleza hapa chini, lilikuwa kuyabadilisha mafuta yenyewe kabla ya kuyatia katika matrekta.

“Matatizo hayo ni ya Ulaya, joto letu linatosha”

Aliyeweka chupa ya mafuta ya kupikia jikoni mwezi wa Julai anajua jibu: asubuhi huyakuta yamefifia, na chini pameshuka tabaka jeupe. Mafuta mengi yanayouzwa Kenya hutokana na mawese yaletwayo kutoka Asia ya Kusini-Mashariki, na mawese huganda mapema. Alizeti hustahimili baridi zaidi, lakini ina udhaifu wa upande wa pili, kwani ndiyo hushikana upesi zaidi ikichanganyika na oili ya injini. Kwa hiyo anayekimbia baridi kwa kuhamia alizeti anaukaribia ugonjwa wa sampu.

Hata mchana wa jua kali hautoshi. Ili mnato ushuke hadi 10 hivi, mafuta yanapaswa kupashwa moto hadi nyuzi 70 au 80. Ndiyo maana wanaofanya kazi hii kwa uangalifu hufunga tangi la pili linalopashwa na maji ya rejeta, huwasha gari kwa dizeli, huhamia mafuta ya mimea injini ikishapata moto, kisha hurudi kwenye dizeli dakika chache kabla ya kuzima ili mabomba na injekta zisafishwe. Utaratibu huo hufaa safari ndefu. Kwa mtu wa safari fupi fupi za mjini, injini huzimwa kabla haijafikia hatua ya kuhama.

“Ukiyachuja kwa kitambaa yanakuwa safi”

Kitambaa huzuia makombo ya viazi. Hakizuii maji, chumvi wala asidi inayozalishwa mafuta yanapokaangiwa tena na tena, na hivyo vitatu ndivyo vinavyokula pampu na injekta. Njia nyepesi ya kugundua maji ni kupasha mafuta kidogo kwenye sufuria hadi yapite nyuzi 100: yakitatarika, yana maji. Kabla ya kufika kwenye gari mafuta yanapaswa kutulia kwa siku kadhaa, kuondolewa maji, kisha kupitishwa kwenye filta yenye matundu ya mikroni chache.

“Yachanganye na mafuta ya taa”

Mafuta ya taa hupunguza mnato kweli, lakini hayaondoi asidi wala hayazuii kushikana kwa mafuta katika sampu. Isitoshe, kuchanganya mafuta ya taa na mafuta ya magari ni kosa ambalo serikali hupambana nalo, na mwaka 2018 ilifikia hatua ya kuyatoza ushuru maalumu wa shilingi 18 kwa lita ili kuondoa kishawishi hicho.

“Bayodizeli ni mafuta ya kupikia yaliyochujwa”

Hapana, na wanaovichanganya viwili hivi hufanya jambo jema lionekane baya. Bayodizeli hupatikana kwa kuchanganya mafuta na pombe, kwa kawaida methanoli, pamoja na kichocheo kama soda kali. Mafuta hugawanyika, glisirini huzama chini, na kinachobaki juu kina mnato unaokaribia ule wa dizeli. Mbelgiji aitwaye Chavanne alipata hataza ya njia ya namna hii mwaka 1937, akitumia mawese ya Kongo, na mwaka uliofuata basi la abiria lilitumia mafuta hayo kati ya Brussels na Leuven. Njia ya jamii hiyo ndiyo iliyowaokoa watafiti wa matrekta ya Afrika Kusini.

Tatizo ni pale mtu anapotaka kuitengeneza uani. Methanoli hupenya kwenye ngozi, hupofusha na kuua, na moto wake ni vigumu kuuona mchana. Nairobi haihitaji kufundishwa hili: Novemba 2000 watu zaidi ya 100 walikufa katika mitaa ya mabanda baada ya kunywa pombe iliyotiwa methanoli. Ninaomba kwa dhati kemikali hiyo isiingizwe katika ua ambamo watoto wanacheza.

“Gari lolote la dizeli litafanya”

Injini za zamani zenye chumba cha awali cha mwako na pampu ya kawaida huvumilia zaidi, kwa kuwa injekta zake hufunguka kwa shinikizo la baa (kipimo cha shinikizo) 130 hivi. Magari mengi ya dizeli yanayoingia nchini sasa hutumia mfumo wa reli moja ya shinikizo, yaani bomba moja linalogawa dizeli kwa injekta zote, unaofikia baa 1,600 na zaidi, wenye matundu membamba mno ya injekta. Yale yenye kichujio cha masizi katika ekzosi huongeza hatari nyingine: kompyuta hurusha mafuta ya ziada kwa kuchelewa ili kukisafisha, na mafuta ya mimea, badala ya kuvukizwa, huteremka moja kwa moja kwenye sampu.

“Ni mafuta ya bure”

Mafuta mapya kwa kawaida huuzwa ghali kuliko dizeli. Yaliyotumika nayo yana wanunuzi, kwa maana viwanda vya Ulaya huyatafuta ili kuyageuza mafuta ya magari na ndege. Matumaini ya kulima mafuta yetu kwa mbono kaburi, mmea wenye mbegu za mafuta, yalififia utafiti uliochapishwa nchini mwaka 2009 ulipoonyesha mavuno duni mno, ukashauri wakulima waupande kama ua wa shamba tu. Mwenye ile pikapu alinunua injini nyingine kuukuu, na mitungi ya mafuta ya chipsi iliyokuwa imebaki nyumbani kwake aliiuza kwa mkusanyaji aliyepita mtaani.