Kufundisha herufi m kwa michezo: maelezo kwa wazazi na walimu wa awali

Shule zinapofunguliwa Januari, ofisi za uthibiti ubora wa shule hupokea lalamiko lilelile kuhusu madarasa ya awali: mtoto anacheza tu, daftari halina kitu. Wazazi wengine humhamisha mtoto kwa sababu hiyo. Baadhi ya shule nazo, kwa kuogopa kupoteza ada, huwapa watoto wadogo kurasa nzima za kunakili. Mtaala ulioboreshwa wa elimu ya awali wa Tanzania, unaotumika tangu Januari 2024, unaelekeza mtoto ajifunze kwa kucheza. Mchezo ndio kipindi chenyewe, na una hatua zake. Tutatumia herufi m, ambayo kwa kawaida hufundishwa baada ya irabu.

Sauti hutangulia umbo. Funga midomo, toa mlio puani, uvute: mmm. Usiseme "ma" wala "em". Kosa hili tunalikuta kila mahali, na madhara yake huonekana darasa la kwanza: mtoto aliyefundishwa kwamba m ni "ma" akikutana na "mimi" husoma "ma-i-ma-i", kisha anaambiwa hana akili. Amesoma kile alichofundishwa.

Maneno ya mfano yachaguliwe. Mama, meza, moto na maji yanafaa. Mtoto, mkate na mti yanafaa zaidi, kwa sababu m inasimama peke yake kama silabi na mtoto huisikia safi. "Mbuzi" liache kwanza, ingawa picha yake inapendwa: pale mwanzoni m imeungana na b, na mtoto wa miaka 5 husikia sauti moja asiyoweza kuitenganisha. "Mwezi" na "mwalimu" nayo yasubiri.

Mchezo wa kwanza watoto wanaujua: nyama nyama. Badala ya nyama ya ng'ombe na nyama ya kuku, kiongozi anataja neno lolote. Likianza na mmm wanaruka, lisipoanza nayo wanatulia. Mwalimu ataje maneno kama 12, nusu yawe ya m, bila mpangilio wa kukisiwa. Aliyeruka kimakosa asitolewe. Ukimtoa, anayehitaji mazoezi zaidi ndiye anayekaa pembeni akitazama wenzake. Mwite karibu yako, rudia neno ukivuta sauti ya mwanzo, kisha mchezo uendelee. Ukiona watoto wote wanaruka kwa pamoja, jua kwamba wanamfuata mmoja; waambie wafumbe macho.

Mchezo wa pili ni mfuko. Weka vitu 5 ndani ya mfuko usioonyesha: mkate, mshumaa na maharage, pamoja na kijiko na sabuni. Kabla ya kuvitia, vitaje kimoja kimoja pamoja na watoto. Hatua hii hurukwa sana, na hapo ndipo mchezo huharibika: mwalimu ametia mfuniko akitarajia m, mtoto anasema "kifuniko" na yuko sahihi. Mtoto apapase, ataje, atamke sauti ya mwanzo, kisha aweke kitu kwenye kadi ya m au nje yake.

Umbo lije sauti ikishakaa, kwa kawaida siku ya pili au ya tatu. Anza na herufi ndogo. Chekecha mchanga mkavu, toa vijiwe na vigae, uutandaze kwenye sinia kwa kina cha kama sentimita 1. Ukiwa mwingi zaidi, kingo hubomoka na umbo halionekani; ukiwa na unyevu, hunata kwenye kidole. Mtoto aanzie juu upande wa kushoto kwa kidole cha shahada, bila kukiinua hadi mwisho, huku akisema: shuka, panda, mlima, shuka, panda, mlima, shuka. Wengi huchora vijiti vitatu kwanza, kisha huviezeka. Sinia likitikiswa hakuna anayejua tofauti, ila kwenye karatasi mtoto huyo huandika polepole, huongeza mlima wa tatu, na huchanganya m na n. Kwa hiyo mwalimu atazame mkono unavyokwenda, asisubiri matokeo. Mtoto wa mashoto atumie mkono wake uleule. Hakuna mwongozo unaoagiza abadilishwe.

Kwa kufinyanga, vikombe 2 vya unga wa ngano, kikombe 1 cha chumvi, kijiko 1 cha mafuta na maji yasiyozidi kikombe 1, yakiongezwa kidogo kidogo, hutosha watoto 8 hivi. Wakikunja nyoka wa unga na kumpinda kuwa m, vidole vinapata nguvu ambayo penseli itaihitaji baadaye. Ukitumia vizibo vya chupa kupanga umbo, vihesabu wakati wa kugawa na wakati wa kukusanya, na usivitumie kabisa penye watoto walio chini ya miaka 3.

Usifundishe n wala w wiki moja na m. Kipindi cha awali ni dakika 20. Mchezo mmoja kwa kipindi unatosha.

Mzazi anayetaka kujua kama mtoto ameshika, afanye hivi nyumbani: atandike kadi za m, a, o na s, amwombe aoneshe yenye mmm, amwombe neno lake mwenyewe linaloanza na sauti hiyo, si lile la darasani, kisha aichore mchangani bila kuangalia mfano. Akiweza yote matatu, anaijua. Asipotofautisha mmm na sss baada ya wiki mbili hivi za michezo ya kila siku, apelekwe kituo cha afya akachunguzwe masikio. Nta iliyoziba au sikio linalotoa usaha huonekana darasani kama uzito wa kuelewa.

Kiboko hakitibu lolote kati ya hayo, na hapa hatuna lugha ya kubembeleza. Kifungu cha 13 cha Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 hakihalalishi adhabu kwa mtoto ambaye, kwa udogo wa umri wake, hawezi kuelewa kusudi lake. Mtoto wa miaka 4 anayepigwa kwa kugeuza herufi ni huyo hasa. Kifungu cha 14 kinaweka faini isiyozidi shilingi milioni 5, au kifungo kisichozidi miezi 6, au vyote viwili. Sheria hiyo inawagusa wazazi pia.

Lalamiko la ufundishaji lianzie kwa mwalimu wa darasa, kisha mwalimu mkuu. Lisipotatuliwa, liende kwa Afisa Elimu Kata, halafu Ofisi ya Uthibiti Ubora wa Shule ya wilaya. Andika jina la shule, darasa, tarehe na kilichotokea, uambatishe nakala ya kazi ya mtoto. Kama ni kituo cha kulelea watoto mchana, usajili wake unapitia ustawi wa jamii, hivyo muone Afisa Ustawi wa Jamii. Mtoto akiwa ameumizwa usifuate ngazi hizo: nenda polisi, Dawati la Jinsia na Watoto, upewe PF3, yaani fomu ya polisi ya matibabu ya majeruhi, umpeleke hospitali siku hiyohiyo. Simu ya bure ya huduma kwa mtoto ni 116.