Je, wajua kwanini Lesotho yote iko juu milimani lakini netiweki bado inapotea?

Si tumezoea mtu akikosa netiweki anapanda kilimani? Sasa Lesotho, kanchi kadogo kamezungukwa pande zote na Afrika Kusini, ndo nchi pekee duniani ambayo yote iko zaidi ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, hata pale chini kabisa ni kama mita 1,400. Na bado kuna vijiji simu inabaki kuwa tochi tu.

Kumbe mawimbi ya simu hayajali uko juu kiasi gani, yanajali kuna nini katikati yako na mnara. Yanasafiri kwa mstari ulionyooka karibu kama mwanga, mlima ukikaa katikati unatupa kivuli, na we ukiwa ndani ya hicho kivuli basi tena. Kwenye tambarare mnara mmoja wa GSM ya kawaida (ile teknolojia ya simu ya 2G) unaweza kufika mpaka kilomita 35, ila kwenye milima ya Maloti mnara uleule unahudumia bonde moja, vuka kigongo tu, kimya. Mawimbi ya masafa ya chini kama megahezi 900 angalau yanajikunja kidogo kwenye kingo za mlima, ya juu yanayobeba intaneti ya kasi ndo hayana huruma hiyo, kwahiyo kuna sehemu simu unapiga vizuri tu lakini picha ya WhatsApp inazunguka mpaka unasinzia.

Afu kujenga sasa. Minara mingi inarushiana mawasiliano kwa maikrowevu (mawimbi ya redio yanayolengwa mnara kwa mnara, sio ile oveni) kwahiyo lazima ionane, yaani kilele kwa kilele, na kilele hakina barabara wala umeme, utapandisha sola na betri au dizeli ya jenereta, na kule theluji inaanguka kweli (ndio, Afrika hiihii). Wateja wenyewe nchi nzima ni watu milioni 2 na ushee, bonde lina nyumba za kuhesabu, kampuni ikipiga hesabu inakuna kichwa.

Halafu mwaka 2018 Vodacom ikawasha hukohuko 5G ya kibiashara ya kwanza Afrika! Ila ilikuwa ya intaneti ya kufungwa sehemu moja, sio ya kutembea nayo mkononi, kwahiyo mchunga kondoo kule juu haikumhusu.

Ukienda, angalia ukiwa karibu na mpaka, mawimbi hayana pasipoti, simu inaweza kudaka mnara wa Afrika Kusini ukakatwa hela za rominga (kutumia mtandao wa nchi nyingine) umekaa zako kitandani. Chagua mtandao mwenyewe kwenye setingi.